Wasomaji Wauliza: Vichwa vya nyuklia vilihesabiwaje?

Swali: Mhariri, gazeti moja linasema START Mpya, mkataba wa Marekani na Urusi wa kupunguza silaha za nyuklia, uliruhusu vichwa (mabomu ya nyuklia yanayobebwa na makombora au ndege) 1,550 kila upande. Jingine linasema Marekani na Urusi kila moja ina zaidi ya 5,000. Nani anadanganya? (Msomaji, Dodoma)

Jibu: Hakuna anayedanganya, ila kila gazeti linahesabu kitu chake. Mkataba huo, uliotiwa saini Prague tarehe 8 Aprili 2010 na Barack Obama na Dmitry Medvedev, marais wa Marekani na Urusi wakati huo, ulihesabu vichwa vilivyokwisha kufungwa kwenye makombora ya masafa marefu yaliyo tayari kurushwa. Vya ghalani, vya masafa mafupi na vinavyosubiri kubomolewa havikuguswa. Ndege ya mabomu nayo ilihesabiwa kichwa kimoja, hata B-52 ya Marekani inayoweza kubeba makombora 20. Usishangae: siku za kawaida ndege hizo hazipakiwi kichwa chochote.

Takwimu za mwisho kutoka pande zote mbili ni za Septemba 2022. Marekani ilikuwa na 1,420, Urusi 1,549, yaani ilibakiza kimoja tu kugonga ukomo.

Swali: Mkaguzi Mrusi alihesabuje vichwa vya Mmarekani bila kuondoka na siri zake? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Kwa msaada wa vifuniko. Wakaguzi walitoa taarifa saa 32 kabla ya kutua, lakini kambi watakayoikagua waliitaja baada ya kufika. Ikishatajwa, kambi ilipewa saa moja kusimamisha pilikapilika zote zinazohusu silaha hizo, ili lisitoroshwe kombora wala kuingizwa. Mkuu wa kambi aliwapa orodha: kila kombora, namba yake ya utambulisho, na idadi ya vichwa lilivyobeba.

Wageni walichagua kombora moja. Wenyeji waliondoa ganda la pua wageni wasipoona, wakavifunika vichwa kimoja kimoja, ndipo wakawaita kuhesabu. Umbo la kichwa halionekani, idadi inaonekana. Kifuniko kikiwa kipana mno, mkaguzi hajui kama chini yake kuna kimoja au viwili, ndiyo maana mkataba ulikataza kifuniko chochote kinachozuia hesabu. Na wenyeji wakidai kitu fulani pale si cha nyuklia, kilitolewa kipimo cha nyutroni, chembe zinazotoka kwenye malighafi ya nyuklia: kwanza hupimwa mionzi ya kawaida ya mahali penyewe, kisha kitu chenyewe. Kikizidisha kwa kiasi cha kutosha, dai limeanguka.

Kila upande ulikuwa na ziara 18 kwa mwaka. Zilisimama Machi 2020 kwa sababu ya korona, zisirudi tena. Kikao cha tume ya pamoja ya kusimamia mkataba kilichopangwa Cairo Novemba 2022 Urusi ilikiahirisha, na tarehe 21 Februari 2023 Vladimir Putin akatangaza kusitisha ushiriki.

Swali: Silaha mpya za Urusi zilikwepaje mkataba? (Msomaji, Bujumbura)

Jibu: Si zote zilizokwepa. Avangard, chombo kinachoteleza angani kwa kasi kubwa na kubadili njia, hubebwa na kombora la zamani ambalo tayari lilikuwa chini ya mkataba. Warusi wenyewe waliwaonyesha wakaguzi wa Marekani Novemba 2019. Sarmat, kombora zito linalorushwa kutoka mashimo ya chini ya ardhi, nalo lingeingia bila ubishi.

Zilizobaki nje ni Burevestnik na Poseidon. Mkataba ulitambua aina tatu tu: kombora la ardhini linaloruka kwa mkondo wa jiwe lililotupwa, lile la nyambizi, na ndege nzito za mabomu. Burevestnik ni kombora linaloruka chini chini kama ndege, ikisukumwa na kinu kidogo cha nyuklia. Poseidon ni torpedo la majini, nalo lina kinu chake. Kipengele cha tano kiliruhusu upande mmoja kupeleka hoja kwenye tume ukiona silaha ya aina mpya inachipuka, lakini kupeleka hoja si kushinda. Oktoba 2025 Urusi ilitangaza kuzijaribu zote mbili.

Swali: Mkataba uliisha tarehe 5 Februari 2026. Nani anaweza kuongeza vichwa haraka? (Msomaji, Muscat)

Jibu: Ndege hutangulia, kwa kuwa silaha zake zinatolewa ghalani na kupakiwa. Nyambizi hufuata, lakini lazima irudi bandarini kwanza. Makombora ya mashimoni ndiyo ya mwisho, maana hufunguliwa moja baada ya jingine. Marekani ina Minuteman III 400 zenye kichwa kimoja kimoja, na baadhi zinaweza kubeba vitatu. Kwa hiyo tusitarajie idadi kuruka ndani ya wiki chache. Kinachotutia wasiwasi zaidi ni upofu: setilaiti huona shimo na nyambizi iliyotia nanga, haioni ndani ya pua ya kombora.

Kuna pia mirija ya nyambizi, ambamo makombora hurushwa. Ili kutimiza ukomo wa mkataba wa mitambo 800 ya kurushia na ndege za mabomu, Marekani ilizima mirija 4 kati ya 24 katika kila nyambizi yake ya aina ya Ohio inayobeba makombora ya nyuklia. Urusi ililalamika miaka yote kwamba kazi hiyo ilifanywa kwa namna inayoweza kurudishwa.