Mwambie upo mwezi mzima

Moshi, Jumatano jioni

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako mdogo wako alinisomea mara mbili, halafu nikamwambia aniachie simu niusome mwenyewe polepole. Unasema ni siku ya nne tu uko Arusha na posho ya wiki imeshafika nusu. Kuku wa hapo gesti ni elfu ishirini na mbili, na chipsi zake zimelowa mafuta. Ukitoka nje unaona vibao vingi mpaka unachanganyikiwa, unarudi chumbani kula biskuti. Ndipo ukaniuliza: "Mama, wewe uliyepikia wasafiri miaka yote ile, mtu akiwa peke yake mji wa watu anajuaje pa kula pazuri pasipomkomba?"

Ungemuuliza baba yako angekwambia fuata palipo na watu wengi. Lakini hakuna penye watu wengi kama stendi, na stendi ndiko mimi nilikolisha watu kiporo.

Naam, mimi mama yako. Sikuwahi kukwambia kwa sababu ulikuwa mdogo, na baadaye nikaona haya.

Pale stendi ya Moshi nilikuwa na sufuria mbili za maharage. Ya chini ya meza ilikuwa ya jana, nimeiunga upya kwa kitunguu na nyanya ipate harufu. Ya jikoni ilikuwa ya leo. Makondakta, wapiga debe, wabeba mizigo na mafundi wa matairi walikula ya leo, maana kesho mchana watakuwa palepale, na mpiga debe akiumwa tumbo stendi nzima itajua kabla jua halijazama. Abiria aliyeshuka kwa dakika ishirini, huyo nilimpakulia ya jana. Akiharisha, ataharishia Korogwe, mimi nitajuaje? Maharage ya nazi yanachacha upesi, mwanangu, na ada zenu zilikuwa zinangoja. Sijitetei. Nakueleza tu jiko linavyofikiri.

Siku moja akashuka baba mmoja wa makamo, ana mkoba wa ngozi, peke yake. Nikampakulia ya chini. Kumbe basi lao limekatika springi, halitoki. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu namwona anakuja, moyoni nikasema leo nimeumbuka. Akaagiza chai na chapati mbili, akakaa benchi la mbele kabisa, anatazama mikono yangu. Maharage hakuyataja. Alipolipa akasema, "Mama, jana kosa lilikuwa langu. Nikiingia mahali popote siku ya kwanza huwa nasema nipo hapa wiki nzima. Jana nilichoka, nikasahau."

Alikaa Moshi siku tatu akingoja hiyo springi, akala kwangu milo yote, na ya chini hakuiona tena. Kazi yake ilikuwa kukagua mahesabu ya vyama vya ushirika, amelala miji mingi kuliko dereva. Mimi nikaendelea kupika mpaka mwaka 2011, na kila nikiona mtu anaingia na begi nilikuwa nakumbuka maneno yake, hata siku ambazo nilipakua ya chini hivyo hivyo.

Sasa wewe unakaa Kaloleni, karibu na uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Vizuri sana, Soko Kuu liko hatua chache. Kesho toka kazini saa sita na nusu, zunguka mitaa ya sokoni, na vibao usivisome. Tazama waliokaa kwenye mabenchi. Ukiona fundi cherehani ana tepu shingoni, kijana wa gereji ana grisi mpaka kwenye viwiko, karani ana kitambulisho kifuani, hao wanakula hapo Jumatatu mpaka Jumamosi kwa pesa ya mfukoni mwao. Mpishi akiwaharibia leo, kesho anabaki na sufuria lake. Wenye mabegi ya magurudumu ni wapita njia kama wewe. Wingi wao usikudanganye. Ukisogea upande wa Mnara wa Saa, ambako watalii wengi wanapita, utaletewa orodha ya vyakula nene kama daftari la shule. Huko nenda siku ofisi inapolipa.

Kama hujui pa kuanzia, muulize mwenye bodaboda. Lakini ujue namna ya kuuliza. Ukimwambia "nipeleke pazuri pa kula," atakutazama viatu, akupeleke mahali anapodhani watu wa viatu hivyo wanakula. Yeye mwenyewe hajawahi kuingia. Muulize, "Wewe leo mchana umekula wapi?" Na pale gesti usiwaulize wa mapokezi, muulize dada anayefua mashuka.

Ukishapata pa kuingia, kwanza tazama maji ya kunawa. Mahali wanapokuletea birika la maji ya vuguvugu na sabuni, au ndoo yenye koki na sabuni haijakauka ikapasuka, mwenyewe anajali. Kitambaa cha kufutia meza nacho kitazame. Kikinuka, nyanyuka, sema umesahau simu. Halafu hesabu sufuria. Mama mwenye sufuria nne au tano, wali, ugali, nyama, maharage na mboga za majani, amezipika leo. Mwenye vyakula thelathini ukutani, jiulize vinalala wapi.

Na ukiambiwa ndizi zimekwisha, usinune. Sufuria inayokwisha saa nane mchana ndiyo niliyokuwa naiombea kila asubuhi. Kesho wahi.

Bei uliza kabla hujakaa, usione aibu: "Wali nyama shilingi ngapi?" Huku Moshi naikuta elfu tatu, mahali pengine elfu nne, na mchuzi unaongezewa ukiomba vizuri. Hizo elfu ishirini na mbili za kuku mmoja ungekula mchana juma zima. Ila kitu kimoja: mama lishe hana risiti ya mashine. Kama ofisi yenu inarejesha pesa kwa risiti, muulize mhasibu mapema. Kama posho ni ya mkupuo, basi inayobaki ni yako.

Halafu, mwanangu, hapo mezani ndipo useme yale maneno ya yule baba. Wewe hata hudanganyi, si umesema kazi ya kufunga hiyo mitambo ni mwezi mzima? Msalimie kwanza, shikamoo kama ni mkubwa wako, kisha mwambie: "Mama, mimi mgeni hapa, nipo mwezi mzima, nitakuwa nakuja kwako." Usimsifie chakula kabla hujala, atakuona tapeli.

Chakula cha huko usikipite kwa ajili ya chipsi mayai. Asubuhi Arusha kuna baridi, hasa miezi hii ya Juni na Julai. Tafuta supu na chapati, au mtori kama wameuponda vizuri. Ulizia loshoro, yale mahindi ya kukobolewa kwa maziwa mgando. Ukiipata, utashiba mpaka usiku. Ndizi nyama za huko siwezi kuzisemea. Mimi ni mtu wa ndizi mshare za Kibosho na nina upendeleo. Ijumaa, baada ya swala, pita migahawa ya Waislamu, pilau huwa imetoka jikoni saa hiyo hiyo.

Jioni ndiyo kazi. Najua kilichokurudisha chumbani si vibao tu. Mwanamke akikaa peke yake baa akingoja nyama, hata soda haijafunguliwa, ameshatumiwa nyingine na mtu wa kona ile. Ikitokea, irudishe kwa mhudumu, usiiguse, wala usitabasamu kwa heshima. Ila usikubali kulala na njaa kwa ajili yao. Kula mlo mkubwa mchana, jioni iwe nyepesi. Nenda mapema, saa kumi na mbili, kabla wanaume hawajaanza chupa ya pili. Au mwambie mama yule yule wa mchana, "Nifungie." Chukua chombo chako mwenyewe, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, wengine wanakufungia kwa karatasi na mchuzi unakuishia mkononi.

Ukitamani nyama choma, watu wa Arusha watakwambia Kwa Mrombo. Waende wenzako wa kazini nawe uwe katikati yao. Nyama ipimwe mbichi mbele ya macho yenu, nayo inachukua muda, kwa hiyo agizeni kabla njaa haijawashika. Na jioni moja, siyo kila siku, wakupeleke kwa Khan, mtaa wa msikiti. Mchana ni duka la vipuri vya magari, jua likizama wanawasha moto wanachoma kuku. Nilifika na baba yako tukakaa karibu na matairi. Yeye alikula akamaliza, kisha akauliza bei ya plagi.

Kuhusu kula peke yako, kwenye mabenchi yale hakuna peke yako. Ukikaa mtu atakwambia karibu, hata sahani yake ikiwa imebaki mifupa. Mjibu asante, endelea. Siku ya tatu atakuuliza umetokea wapi, na ukisema Moshi, atakutajia ndugu yake wa Pasua au Kiboriloni.

Jumamosi usitafute pa kula. Panda gari uje, ni kilomita themanini tu, nitapika kiburu, zile ndizi zetu na maharage. Njoo na ile hotpoti yangu ya bluu uliyoondoka nayo Krismasi, maana kifuniko nimebaki nacho mimi.

Kesho jioni nipigie, uniambie ulisema naye vipi, na alichota kwenye sufuria ipi.

Mama yako