Kabla Hujajumlisha Vifo vya Ajali, Uliza Kila Daftari Huacha Kuhesabu Lini

Miaka michache iliyopita kamati ya kata yetu hapa Mbeya iliniomba nikusanye idadi ya waliofariki kwa ajali kwenye kipande cha barabara kuu kinachopita Mlima Nyoka. Nilinakili daftari la polisi, nikanakili la hospitali, na namba zilipokataana nikachukua ile kubwa. Nilikosea.

Nililitambua kosa hilo nilipokutana na jina la kijana mmoja wa bodaboda. Polisi walimwandika majeruhi, na walikuwa sahihi, kwa kuwa siku ya ajali alikuwa hai. Alifariki wodini siku ya 11. Katika daftari la mochwari, kwenye safu ya chanzo cha kifo, paliandikwa maneno matatu tu, "jeraha la kichwa", bila pikipiki wala barabara kutajwa. Madaftari yote mawili yalikuwa naye, na hakuna hata moja lililomhesabu.

Kwa hiyo anza na muda. Shirika la Afya Duniani huhesabu kifo kinachotokea ndani ya siku 30 tangu ajali. Kwa mwaka 2016 taarifa rasmi ya Tanzania ilikuwa vifo 3,256, ilhali makadirio ya shirika hilo yalizidi 16,000. Hapo hakuna aliyedanganya: namba ya kwanza ni ya walioandikwa, ya pili ni makadirio yanayojaribu kuwafidia wasioandikwa.

Kisha linganisha mtu kwa mtu, si jumla kwa jumla. Namba ya PF3, fomu ya polisi ambayo majeruhi huenda nayo hospitali, ni kiungo kizuri kuliko jina, maana mtu huweza kuandikwa polisi kwa jina la ukoo na hospitali kwa jina la ubatizo. Tuseme polisi wana 40, hospitali 50, na 20 wamo kote kuwili. Wanaojulikana ni 70, lakini hospitali imewapata nusu tu ya walioandikwa polisi, hivyo 50 wake huenda nao ni nusu ya wote: 40 mara 50, ukigawa kwa 20, unapata 100. Yaani huenda wengine 30 hawamo popote. Hesabu hii hutaka madaftari yasitegemeane, na mara nyingi polisi ndio wanaopeleka miili mochwari, hivyo jibu huelekea kuwa dogo kuliko hali halisi.

Wapo pia majeruhi waliochukuliwa na ndugu kwenda kuuguzwa nyumbani, wakafia huko na kuzikwa kando ya migomba. Hao niliwapata kwa kuwauliza wenyeviti wa vitongoji swali moja: mwaka huu mmezika nani aliyewahi kupata ajali?