Kutembea pembezoni mwa Mtwara: maswali yenu ya wiki hii

Nimehamia Ligula. Daktari kaniambia nitembee kila siku, lakini barabarani bodaboda zinanitia presha zaidi. Nipite wapi?

Achana na lami. Panda daladala ya Naliendele, ukishuka shika kijia chochote kinachoingia kwenye mikorosho. Vijia hivyo ni vya watu waendao shamba, kwa hiyo vina kivuli na vinafika mahali. Toka saa 12 asubuhi. Ikigonga saa 3 uwe umegeuza.

Wenye mashamba hawatanifukuza?

Kupita hakuna anayekukataza, ila kuna msimu na msimu. Kati ya Juni na Agosti mikorosho inachanua, na wakulima wanapuliza salfa ya unga kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoharibu maua. Wanapuliza alfajiri, upepo umetulia na umande uko bado majanini, yaani saa ileile unayotaka kutembea wewe. Ukisikia mashine ya mgongoni inanguruma, zunguka. Mimi nilijifanya mjanja nikakatiza katikati ya vumbi lile, macho yakaniwasha mpaka adhuhuri.

Kuanzia Oktoba tatizo linakuwa jingine: korosho ziko chini, na mgeni anayeinamainama chini ya mti wa mtu anajitafutia maneno. Hata ukifunga kamba ya kiatu, kaifungie njiani. Ukimkuta mwenye shamba anaokota, mpe shikamoo kwanza, kisha muulize njia hata kama unaijua. Mara nyingi utaondoka na mabibo, yale matunda yanayobeba korosho, mkononi. Yale angalau ukiyala huulizwi kitu. Uraka, pombe ya mabibo, sikushauri kabla ya kurudi nyumbani.

Nataka kutembea kandokando ya mikoko. Saa ngapi ni salama?

Saa yako iweke mfukoni, tazama mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji yetu hupwa sana mnamo saa 4 asubuhi. Ingia saa 2 na nusu, na ukiona kina mama waliotoka kuchokoa pweza wanarudi, rudi nao. Usiseme "bado kidogo": bahari ikianza kujaa hupitia kwanza kwenye vijito nyuma yako. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bahari haipwi sana, baki juu kwenye mchanga.

Vaa viatu vya kufunga. Mizizi ya mchu, aina mojawapo ya mikoko, imesimama matopeni kama misumari, na kandambili zitabaki humo humo. Fimbo ya kutembelea njoo nayo kutoka nyumbani, maana kukata mikoko bila kibali ni kosa.

Nyoka je?

Wapo. Piga mguu kwa kishindo, usitie mkono penye majani usipoona.

Nina watoto wa miaka 7 na 9. Kuna mahali watapanda kilima bila kulia?

Nendeni Mikindani, kama kilomita 10 tu kwa daladala. Nyuma ya Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895 kuna kilima chenye njia ya miguu. Nendeni kiangazi, mibuyu ikiwa imepukutisha majani: mkifika juu mnaiona ghuba yote, ya duara kama sahani. Waambie Livingstone, yule mvumbuzi Mskoti, alianzia hapo safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866, kwa miguu, wala hakudai soda kila baada ya hatua kumi. Wa kwangu hawakushawishika. Bebeni maji na machungwa.