Kalamu kwanza, kitelezi baadaye

GeoGebra, programu ya kuchora michoro ya hisabati, ni ya bure, ukishaipakua haidai bando, na simu ya kawaida ya Android inaiweza. Hata hivyo darasa linaweza kuitazama kipindi kizima kama linavyotazama mpira, likashangilia, kisha lisibaki na kitu. Kinacholeta tofauti ni swali unaloliuliza kabla ya mtu kugusa skrini.

Tuchukue parabola, yaani mchoro uliopinda kama bakuli. Andika f(x) = a*x^2 + b*x + c, ubonyeze Enter. Programu itaunda vitelezi vitatu, yaani vile vistari vyenye kitone cha kuburuta; toleo la zamani litakuuliza kwanza, likubalie. Usiache kuweka nyota ya kuzidisha, maana "ax" iliyoshikana inaweza kusomwa kama jina la kitu kimoja. Kisha weka ncha ya parabola, yaani nukta inapogeukia: P = (-b/(2*a), f(-b/(2*a))).

Hayo mabano ya 2*a ndiyo yanayowaumbua wengi. Ukiandika -b/2*a, programu inagawanya kwa 2 kwanza, halafu inazidisha kwa a. Wakati a ni 1 hutaona kasoro yoyote. Ukiifanya a iwe 2 na b iwe 4, c ikiwa 0, ncha inayopaswa kuwa (-1, -2) inarukia (-4, 16). Bado iko juu ya mchoro, lakini si chini kabisa. Jaribu na a = 2 nyumbani, si mbele ya wanafunzi.

Fungua mipangilio ya vitelezi, ubadilishe hatua kutoka 0.1 iwe 1, ili mwanafunzi aweze kuhakiki kwa kalamu kila namba anayoiona.

Sasa weka a = 1, b = 0, c = 0. Kitelezi cha c hakihitaji muda: mchoro unapanda na kushuka. Cha a nacho, dakika tano zinatosha. Muda wako uweke kwenye b. Uliza: "b ikitoka 0 ikafika 4, ncha itaelekea wapi?" Kila mmoja achore mshale kwenye daftari kabla hujaburuta. Wengi watachora mshale wa kwenda kulia. Buruta polepole, usimame kila hatua: b = 2, ncha iko (-1, -1); b = 4, iko (-2, -4). Imekwenda kushoto na kushuka. Rudi upande wa hasi: b = -2 inatoa (1, -1).

Bofya P kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uwashe alama za nyayo, yaani nukta zinazobaki kila P inapopita, uburute tena. Nyayo zinachora parabola iliyopinduliwa. Waulize mlinganyo wake kabla ya kuandika y = -x^2 na kuona mstari ukipita juu ya kila nukta. Ukikuza au kusogeza mchoro, nyayo zinafutika; amri ya Locus(P, b) inachora njia isiyofutika.

Lazima atatokea mtu wa kuiweka a kwenye 0. Parabola inageuka mstari mnyoofu na P inapotea. Usiharakishe kulificha hilo, muulize tu kwenye P tunagawanya kwa namba gani.

Tatizo jingine ni mihimili, yaani mistari ya x na y. Ukiburuta mhimili mmoja peke yake, vipimo vinaachana, duara linaonekana kama yai na y = x haionekani tena kukata pembe ya nyuzi 45. Rudisha uwiano uwe 1:1. Kwa projekta kwenye chumba chenye mwanga, nenepesha mistari na uachane na njano.

Simu zikiwa chache, wanafunzi wanne kwa simu moja: mmoja anaburuta, mmoja anakokotoa, wawili wanachora. Wabadilishane kila baada ya swali, la sivyo mwenye simu ndiye atakayesoma peke yake.

Mwishoni zima skrini. Wape y = x² - 6x + 5, watafute ncha bila simu, kisha waonyeshe njia ambayo ncha hiyo ingepita kama b ingebadilika na a na c zikabaki zilivyo. Ncha ni (3, -4), na njia ni y = 5 - x². Atakayepata ncha akakosa njia, mrudishe kwenye c: nyayo za mwanzo zilichorwa c ikiwa 0.