Je, Kijana wa Kiislamu Anaweza Kukimbia Olimpiki?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Kijana wangu anakimbia mita 1500, na makocha wanasema anaweza kufika Olimpiki. Ndugu mmoja msikitini amemwambia kuwa hiyo ni sikukuu ya mungu wa Wagiriki, na anayekwenda huko amejifananisha na washirikina. Tangu hapo kijana ameacha mazoezi. Tushike lipi?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Kuhusu asili, ndugu huyo amesema kweli, tena hakumaliza. Michezo ya Olympia, ambayo kwa hesabu iliyozoeleka ilianza mwaka 776 kabla ya Masihi, ilikuwa ibada ya Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki wa kale. Alichinjiwa ng'ombe 100, wanariadha wakaapa mbele ya sanamu lake juu ya vipande vya nyama ya nguruwe, wakashindana uchi. Kushiriki michezo ile ingekuwa haramu, sina shaka.

Lakini ile ilikufa. Mwishoni mwa karne ya 4 Theodosius, mfalme Mkristo wa Roma, alipiga marufuku ibada za masanamu, na michezo ikakoma. Iliyoanzishwa Athens mwaka 1896 kwa juhudi za Mfaransa Pierre de Coubertin ilichukua jina na baadhi ya mashindano. Hachinjiwi mtu wala sanamu, na kiapo cha wanariadha, kilichoanza 1920, ni cha kufuata kanuni za mchezo.

Wanaoharamisha hutaja hadithi ya Buwana. Mtu aliweka nadhiri ya kuchinja ngamia mahali paitwapo Buwana, Mtume (s.a.w.) akauliza: je, palikuwa na sanamu la kijahiliya likiabudiwa? Je, palifanyika sikukuu yao yoyote? Alipoambiwa hapana, akamruhusu (Abu Daud). Hadithi hii ni nzito, na inatukataza kupuuza historia ya mahali. Ila yule alikwenda kutimiza nadhiri kwa kuchinja, na hiyo ni ibada. Kukimbia ni katika mambo ya kawaida, ambayo ni halali mpaka ije dalili ya kuyakataza. Mtume mwenyewe alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.), na alishindanisha farasi Madina.

Mahali pa kuitumia hadithi hiyo ni kwenye kuwasha mwenge. Kabla ya kila michezo, katika magofu ya hekalu la Hera, mungu wa kike wa Wagiriki, pale Olympia, wanawake waliovaa kama makuhani huwasha moto kwa kioo na miale ya jua, na kiongozi wao humwita Apollo, mungu wao mwingine. Mbio za kuutoa mwenge huko zilibuniwa kwa ajili ya Berlin 1936, Wagiriki wa kale hawakuwa nazo. Mwanao akialikwa kwenye sherehe hiyo, akatae. Ataambiwa ni maigizo, lakini muumini hasimami kushuhudia dua inayoelekezwa kwa asiyekuwa Allah, hata ya kuigiza.

Yaliyobaki ni mepesi. Avae kaptula inayofunika mpaka magoti. Asiguse dawa za kuongeza nguvu, kwani ni khiyana kwa wenzake. Safarini anaruhusiwa kupunguza swala, na michezo ikiangukia Ramadhani, kama ilivyokuwa London 2012, msafiri ana ruhusa ya kula na kulipa siku zake baadaye (al-Baqara 185).

Mwambie arudi mazoezini. Wallahu a'lam.