Kofia 40 zilizorudi kwenye gunia

Wiki iliyopita kijana wa bodaboda wa steji ya Kangemi alinisimamisha nikitoka sokoni. Mwezi wa sita nilikuwa nimemfumia marvini, kofia ya uzi ya kubana kichwa, na sasa wenzake 11 wanataka kama yake: nyeusi, isiyo na kishungi, ya kuvaliwa chini ya helmeti. "Mathe, hii haijanifinya hata siku moja," akaniambia. Nilifika nyumbani nikakaa kitandani na mfuko wa sukuma wiki ungali mkononi, nikalia kidogo.

Nieleze kwa nini. Miaka minne iliyopita shule moja hapa Nairobi iliniagiza kofia 40 za watoto wa chekechea, baridi ya Julai ikikaribia. Aliyezoea joto la pwani haelewi baridi hiyo. Mji huu uko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na asubuhi za Julai huwa na manyunyu yanayopenya hadi masikioni. Sampuli niliyowaonyesha ilikuwa ya sufu nene. Baadaye nikapiga hesabu ya faida, nikanunua akriliki nyembamba, nikashuka kutoka sindano za milimita 5 hadi 4, na idadi ya vitanzi, yaani macho ya uzi yanayokaa kwenye sindano, nikaiacha vile vile. Nilijiambia kofia huvutika, itajipanga yenyewe.

Nilifuma wiki sita, mara nyingi mpaka saa saba usiku. Siku ya kupeleka, mwalimu alimvisha mtoto wa kwanza, ikakwama juu ya masikio. Ya pili ikakwama. Ya tatu pia. Akanirudishia gunia mbele ya wazazi waliokuja kuchukua watoto, akasema, "Mama, hizi ni za wanasesere." Alikuwa na haki ya kukataa, hilo nalikubali kabisa. Lakini angeniita kando. Mpaka leo nikipita barabara ile huvuka upande wa pili.

Kofia zote 40 nilizifumua. Ndipo nikajifunza kufuma.

Kwa hivyo wewe dada unayetaka kuuza kazi ya mikono yako, anza na kipande cha kujaribia. Tumia uzi uleule na sindano zilezile za kazi yenyewe. Fuma kipande kinachozidi sentimita 10 kila upande, kioshe, kikauke, kisha uhesabu vitanzi vilivyo ndani ya sentimita 10 katikati. Tuseme umepata 19. Kichwa cha mtu mzima mara nyingi huwa kama sentimita 56, nawe unataka kofia ya kama 50 ili ishike, basi unahitaji vitanzi 95. Chukua 96, kwa sababu inagawanyika kwa 4 ya ukingo unaofumwa vitanzi viwili mbele, viwili nyuma, na kwa 8 ya kupunguzia utosini. Ukibadilisha uzi, fuma kipande kingine. Ukibadilisha sindano, fuma kingine tena. Usiniambie una haraka. Mimi pia nilikuwa na haraka.

Vitanzi vya kuanzia vianzishe kwa sindano kubwa kidogo, la sivyo ukingo utamwachia mtu alama kwenye paji la uso. Ukingo sentimita 5, kisha ufumaji wa kawaida mpaka kofia ifike urefu wa kama sentimita 18, halafu uanze kupunguza vitanzi 8 kila mzunguko wa pili. Vikibaki 8, pitisha uzi ndani yake, uvute, ufunge kwa ndani. Kwa watu wa helmeti, fuma kwa mzunguko. Kofia ya kufumwa bapa ina mshono nyuma, na mshono ule ukikandamizwa kutwa nzima ni kama kokoto kiatuni.

Kuhusu uzi, akriliki ni rahisi na inafulika bila wasiwasi, lakini sufu hushika joto hata ikilowa manyunyu. Ikiwa sufu mpya inakushinda bei, nenda Gikomba utafute sweta za mitumba. Geuza sweta ndani nje kwanza. Ukiona vipande vimekatwa na kushonwa kwa mashine ya kuziba kingo, iache, maana utapata nyuzi fupifupi tu. Ukiona kingo nzima zilizounganishwa kwa uzi, inunue. Fumua, zungushia mgongo wa kiti, funga sehemu nne, loweka kwenye maji ya vuguvugu bila kusugua, uanike na kitu kizito kidogo chini ili inyooke. Maji moto na kusugua huifanya sufu ishikamane kama blanketi kuukuu.

Wapo wanaosema kufuma ni kazi ya wazee wasio na la kufanya. Waache waseme. Aibu ya lile gunia niliibeba peke yangu, na fedha ya stejini nitaihesabu peke yangu vilevile. Lakini kama hutaki kupima, tafadhali usichukue oda ya mtu.

Uzi mweusi nimeshanunua, na nitaufuma mchana, kwa kuwa usiku vitanzi vyeusi havionekani. Kesho asubuhi naenda stejini na tepu ya fundi nguo, nipime vichwa 11, kimoja kimoja.