Gari linapiga starta ila haliwaki: itazame taa ya ufunguo kabla hujanunua kontrol boksi

Mkuu wa Buzuruga, nimesoma ulichoandika: gari linapiga starta kwa nguvu lakini haliwaki, asubuhi ndiyo linasumbua zaidi, na fundi amekwambia uandae laki nne za kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, ya mtumba. Nakuomba hiyo hela usiitoe kwanza. Njia hiyo nimeipita mwaka juzi na iliniumiza.

Langu ni gari dogo la Kijapani, otomatiki, la 2004. Lilianza wakati wa masika. Asubuhi napiga starta, linazunguka tu. Nikitoa ufunguo na kuurudisha mara tatu nne, linawaka kama halijawahi kuumwa. Fundi wa kwanza akasema pampu ya mafuta. Nikanunua kwa 120,000. Siku chache zile kulikuwa na jua, likawaka vizuri, nikamshukuru sana. Mvua iliporudi, tukarudi palepale. Fundi wa pili akasema kontrol boksi, nikatoa 280,000 kwa ya mtumba. Ilipofungwa, gari likagoma moja kwa moja. Boksi ile ilitoka kwenye gari lingine, na ufunguo iliokuwa inaujua ni wa gari hilo. Ikabidi turudishe ya zamani, na aliyeniuzia alikataa kuipokea.

Siku iliyonivunja nguvu ilikuwa kwenye kivuko cha Kamanga. Natoka msibani Sengerema, mama mkubwa amekaa kiti cha nyuma. Kivuko kimegota upande wa Mwanza mjini, mlango umeshuka, magari ya mbele yameshatoka, mimi napiga starta tu. Nyuma yangu fuso la mihogo linapiga honi. Nikaacha swichi kwenye ON, nikatoa gia P kwenda N, vijana wa bodaboda wakasukuma mpaka nchi kavu. Mama mkubwa naye aliteremka akasukuma, kitenge chake cha msiba kikiburuzwa kwenye maji. Iliniuma sana kumwona vile.

Hapo ndipo nilipompigia fundi umeme mmoja wa Nyakato niliyeelekezwa na jirani. Boneti hakuigusa. Alikaa kiti cha dereva, akasema, "Kaka, hebu toa ufunguo." Kwenye dashibodi kataa kekundu ka gari lenye kufuli kakawa kanawaka na kuzima. "Haya, urudishe." Nikaurudisha, nikafungua swichi. Kakaendelea vilevile. "Unaona? Ilitakiwa izime. Gari halijautambua ufunguo wako."

Alivyonieleza ni hivi. Ndani ya kichwa cha ufunguo kuna chipu ndogo, nyingine nyeusi kama kipande cha mkaa, nyingine ya kioo kama punje ya mchele. Haina betri. Kuzunguka tundu la swichi kuna pete ya plastiki yenye waya mwembamba uliosokotwa ndani. Ukifungua swichi, pete inatoa mawimbi ya redio, chipu inapata nguvu kutoka kwenye mawimbi hayohayo na kutaja namba yake. Namba ikikubalika, gari linaruhusu mafuta na moto wa plagi. Isipokubalika au isiposikika, starta itazunguka mpaka betri ife. Yapo magari ambayo hata starta inakatwa, na yapo, hasa ya Ulaya, yanayowaka sekunde moja mbili kisha yanazima. Mfumo huo ndio imobilaiza.

Kwa hiyo wale wanaokimbilia kubadilisha betri ya rimoti kwenye ufunguo wa kuchomeka wanapoteza muda. Betri ile ni ya kufungulia milango. Gari la kubonyeza kitufe ni habari nyingine: betri ya rimoti ikichoka, jaribu kuigusisha rimoti kwenye kitufe chenyewe huku umekanyaga breki. Mengi yanawaka.

Turudi kwa langu. Alichomoa terminal hasi ya betri, akafungua skrubu za kava la usukani, akavuta soketi ndogo inayotoka kwenye ile pete. Pini zilikuwa na unga wa kijani. Akapitisha kidole ndani ya kava, kikatoka na maji. Tukafuata unyevu juu mpaka kona ya kioo cha mbele upande wa dereva. Kioo nilikuwa nimekibadilisha baada ya kupigwa jiwe, na gundi haikushika pale konani. Mvua ikinyesha usiku, matone yanapita nyuma ya dashibodi na kudondokea usukani. Mchana jua linakausha, gari linawaka. Akasugua pini kwa mswaki laini na dawa ya kusafishia umeme, akazibana kidogo, akakausha. 30,000. Kioo kikapigwa gundi upya. Tangu siku hiyo halijagoma.

Sasa lako linaweza lisiwe soketi. Anza na taa. Ikizima vizuri baada ya kuweka ufunguo na gari bado haliwaki, achana na imobilaiza, tafuta mafuta na moto. Ikigoma kuzima, utenge ufunguo na funguo nyingine, ubaki peke yake, kwa sababu ufunguo wa gari lingine wenye chipu ukiwa jirani unaweza kuvuruga usomaji. Kisha tumia ufunguo wa akiba. Wa akiba ukiwasha kila mara, shida iko kwenye ule wa kila siku. Na kama uliwahi kubadilisha kava la ufunguo, nenda katafute kava la zamani leo hii, chipu huwa inabaki humo. Betri nayo ipime: ikishuka chini ya volti 9.6 wakati wa starta, vifaa vya umeme vinaanza kuchanganyikiwa, na unaweza kuilaumu imobilaiza bure.

Kuna watakaokushauri ubandike chipu ya akiba kwenye pete moja kwa moja ili gari liwake kwa ufunguo wowote uliochongwa. Mimi nakataa. Unakuwa umemwachia mwizi kazi ya kuvunja kioo tu. Kama una ufunguo mmoja, tengeneza wa pili wakati huo mmoja bado unafanya kazi, maana ukipotea wote gharama inapanda sana.

Kesho asubuhi, kabla ya starta ya kwanza, fungua swichi bila haraka, hesabu mpaka kumi huku unaitazama hiyo taa, na shika chini ya kava la usukani kama kuna unyevu. Utuambie umeona nini, na ni gari gani la mwaka gani.